Ualimu si Mshumaa

Mara nyingi mwalimu husifiwa kwa kufananishwa na mshumaa: huwaangazia wengine huku mwenyewe akiyeyuka. Sifa hii ni tamu masikioni, lakini haina huruma, kwa kuwa akubaliye kuwa mshumaa amekwisha kubali kumalizika. Mimi napenda zaidi mfano wa moto wa jirani. Vijijini, aliyezimikiwa na moto alikwenda kuomba kaa nyumba ya pili, na aliyetoa kaa hakupungukiwa.

Nilipomaliza kidato cha nne nilisomea ualimu wa Daraja la IIIA, nikafundisha darasa la kwanza kwa miaka 9 kabla ya kuhamishiwa ofisini. Tangu hapo nimepanda vyeo, na mashairi yangu yamesomwa redioni. Hata hivyo, furaha yangu kubwa ni ya siku ile mama mmoja alipokuja shuleni kunieleza kwamba mwanawe amemsomea jina la kanga aliyojifunga. Aliinunua kwa kupenda rangi zake. Siku hiyo ndipo alipojua inasema nini. Kaa nililompa mtoto asubuhi lilikuwa limewasha jiko la pili jioni.

Taifa letu laujua ukweli huu. Julius Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili kuongoza harakati za uhuru. Akawa Waziri Mkuu, kisha Rais. Lakini jina la Mwalimu ndilo lililodumu hata baada ya kufariki kwake mwaka 1999. Kadhalika, baada ya azimio la Musoma la mwaka 1974 kuhusu elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakifundisha. Wengi wa rika langu tuliwashiwa moto na makaa yao.

Lakini jiko halidumu na moto bila kuni, wala heshima haipiki ugali. Mwalimu ahitaji mshahara wa kutosha, nyumba isiyovuja, vitabu, na darasa ambalo aweza kumjua kila mtoto kwa jina. Kumwambia kwamba kazi yake ni wito ili asidai hayo ni kumgeuza mshumaa tena. Naye asiipite bila kuiona furaha iliyo mbele yake, katika sentensi ya kwanza ya mtoto. Sisi tunaoota moto wake tusiende mikono mitupu. Twende na kuni.