Nilifuata waya wa intaneti hadi baharini

Ukiwa fundi wa tarakilishi mjini Nairobi, lawama ni sehemu ya mshahara. Mashine ikiganda, ni wewe. Karatasi ikikwama kwenye printa, ni wewe. Na mtandao ukipotea, hata kama umepotea katika nusu ya bara la Afrika, simu ya kwanza hupigiwa wewe, na anayepiga huanza kwa kuuliza, "Sasa umefanya nini tena?"

Ndivyo ilivyokuwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nilikuwa nyumbani Umoja nikingojea chai, mara simu zikaanza kumiminika. Kupeleleza, nikapata habari kwamba nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari Hindi, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nilipomweleza mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayekaa nasi, kwamba mtandao umekatikia baharini, alicheka hadi akashika mbavu. Kwake yeye, kama kwa vijana wengi wa mjini, mtandao huishi angani, hutua kwenye minara na kuingia simuni kama umande.

"Mjomba, waya baharini? Na papa je, hawautafuni?"

Mwezi uliofuata hakucheka. Alikuwa amepata kijikazi cha kusikiliza mazungumzo yaliyonaswa na kuyaandika, kazi aliyokuwa akipewa na mteja wa ng'ambo asiyemjua kwa sura, na iliyomlipia sehemu ya karo. Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni, mtandao ulizorota nchini kote. Siku moja kabla, wakuu wa sekta ya mawasiliano walikuwa wametangaza kuwa hawana nia ya kuuzima. Ulipozorota, kampuni zikasema hitilafu ilikuwa kwenye nyaya za baharini. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kuwa hatautia sahihi mswada huo. Lakini kazi ya mpwa wangu ilikuwa imekwisha kuchelewa, na mteja, ambaye hakulijua Bunge letu wala mswada wetu, alimwandikia mistari miwili ya kumshukuru na kumuaga.

"Mjomba," aliniuliza usiku huo, "huo waya unaingilia wapi? Na nani ameshika swichi?"

Swali la kwanza ningeweza kulijibu. La pili lilininyima usingizi. Basi Agosti ilipofika, nikaomba likizo ya siku nne, tukapanda basi la Mombasa asubuhi na mapema. Tungeweza kupanda garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa 2017 na kufika kabla ya kiti kupata joto. Mimi nilitaka twende mwendo wa kuona. Mkongo unaoleta mtandao Nairobi haushuki kutoka mawinguni. Umefukiwa kando ya njia au umefungwa juu ya milingoti ya stima, ukipita Athi River, Emali, Voi na Mariakani kama abiria mwingine yeyote.

Baada ya Kyumvi, penye njia panda ya Machakos, nchi hufunguka. Nyasi za rangi ya simba zinaenea hadi macho yanachoka. Hapo Malili ndipo palipotengwa ekari 5,000 za kujenga mji wa teknolojia wa Konza, na Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi tarehe 23 Januari 2013, miezi michache kabla ya kuondoka Ikulu. Nakumbuka picha zilizotolewa wakati ule: majumba ya vioo, bustani, watu waliovaa nadhifu wakitembea bila kusukumana. Sisi mafundi tuliambizana tuanze kutafuta viwanja. Mpwa wangu alipachika pua kwenye dirisha, akaniuliza mji wenyewe uko wapi. Nikamwonyesha majengo machache yaliyosimama mbali katikati ya uwanda.

Nisije nikaonekana mchimvi. Barabara za ndani zimejengwa, umeme umefika, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kukiidhinisha Agosti 2023, kimewekwa hapo. Lakini tangu uzinduzi ule nchi ilikuwa imekwisha kupata marais wengine wawili, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa akikaribia kumaliza shule ya msingi. Jiwe la msingi huwekwa kwa saa moja, mbele ya kamera. Kinachofuata hakina kamera.

Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo ya Kibaki ndiyo iliyotuletea waya tuliokuwa tukiufuata, tena kwa haraka. Nilimsimulia mpwa wangu hadithi hiyo tukipita Salama na Sultan Hamud. Kabla ya 2009, mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea setilaiti, na kituo mashuhuri kilikuwa Longonot, kilichoanza kazi 1970. Barua-pepe ya kutoka River Road kwenda London ilipaa kiasi cha kilomita 36,000 angani, ikateremka tena, na jibu likafanya safari hiyohiyo. Ilikuwa polepole na ilikuwa ghali. Katika vibanda vya intaneti vya mjini tulilipia kila dakika, tukiandika barua kwanza kwenye karatasi ili tukiketi mbele ya tarakilishi tusipoteze hata sekunde kufikiria. Niliwahi kumwona kijana akitokwa na machozi kwa sababu ukurasa wa kuomba nafasi chuoni haukufunguka hadi hela zake zikaisha.

Nchi za mwambao wa mashariki zilikuwa zikijadiliana kuhusu waya wa pamoja, na mazungumzo yalivuta kama ulimbo. Kenya ikaamua kutafuta njia yake. Katibu wa kudumu katika Wizara ya Habari wakati huo, Bitange Ndemo, alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo hadi serikali na kampuni za humu nchini zikaungana na Etisalat ya Muungano wa Falme za Kiarabu kuulaza waya uitwao TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 4,000 chini ya maji. Etisalat ilichukua asilimia 15 ya hisa, wenyeji 85. Juni 2009 waya ukafika. SEACOM ulianza kazi Julai mwaka huohuo, na EASSy mwaka uliofuata. Mimi si mpiga debe wa mwanasiasa yeyote, na Konza nimekwisha kuitaja, lakini uamuzi ule umenilisha mimi na mafundi wengi wenzangu.

"Kwa hivyo wakitaka wanaweza," mpwa wangu akasema.

Kwenye kiti cha ng'ambo ya ujia aliketi mama wa makamo aliyefunga leso kiunoni, aliyepandia Makindu. Kumbe alikuwa akitusikiliza muda wote.

"Kijana," akaniambia, "huo waya unaosema unakwenda Arabuni?"

"Ndiyo, mama. Mmoja unakwenda moja kwa moja hadi Fujairah. Iko upande ule wa Dubai."

Alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu yake, kioo chake kimepasuka pembeni, akatuonyesha picha ya msichana aliyesimama jikoni kwa watu, jiko kubwa lenye makabati meupe. Ni binti yake, yuko Saudi Arabia, anafanya kazi za nyumbani. Hupiga simu ya video kila Jumanne usiku, mabwana wakiwa wamelala. Jumanne ile ya Juni hakupiga. Jumatano asubuhi mama alikwenda kwa jirani, jirani naye hakujua lolote.

"Mimi nilidhani wameniulia mtoto," alisema. "Nilikaa nje hadi usiku nimeshika simu. Hakuna aliyeniambia eti ni mambo ya Nairobi."

Mpwa wangu, ambaye tangu Juni alikuwa akiihesabu hasara yake kila siku mbele yetu mezani, hakuongeza neno. Tulipofika Mtito Andei alishuka, akamnunulia mama yule chai na chapati. Kutoka hapo hadi Voi walikaa pamoja, nikasikia akimfunza namna ya kumwachia binti ujumbe wa sauti ambao humngoja hadi mtandao urudi. Mimi nilibaki na Tsavo, na udongo wake mwekundu, na tembo mmoja wa mbali aliyepakwa udongo huohuo hadi nikamdhania kichuguu. Taru ni miiba na joto. Mariakani ni malori. Tuliingia kisiwani jua likielekea kuzama, tukipita daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022, na ile harufu ya chumvi na mafuta ya meli ikatupokea.

Kesho yake tulianzia Fort Jesus, na si kwa ajili ya utalii pekee. Ilikuwa hapo, tarehe 12 Juni 2009, Rais Kibaki alipoongoza sherehe ya kuupokea waya wa TEAMS. Sijui nani aliyechagua mahali hapo, lakini alikuwa na akili au bahati. Ngome ile ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 kwa sababu moja tu: aliyeishika aliweza kuamua meli gani iingie bandari ya Mombasa na ipi ibaki nje. Waomani walipoitaka, waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Miezi 33 watu walikufa kwa njaa na maradhi wakigombea mlango. Tuliegemea ukuta wa upande wa bahari, mizinga ikiwa miguuni petu, mpwa wangu akasoma kibao kizima bila kusema kitu. Kisha akauliza kama ngome ya waya nayo ina mizinga.

Nilimweleza ninachokijua. Waya wenyewe ukiwa kilindini si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga hupita humo ukibeba sauti, picha na hela. Ukikaribia pwani huvikwa deraya ya vyuma, kwa kuwa adui zake wakubwa ni nanga na nyavu, wala si papa. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu yake ya kuingia bandarini iliteremsha nanga pasiporuhusiwa, ikaukata TEAMS, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Kuhusu nani anaweza kuuzima kwa makusudi, nilimwambia ukweli wa kifundi: waya haukatwi. Waya unaweza kuwa mzima kabisa na mtandao ukazimwa kwenye vyumba vya mashine vya kampuni, kwa amri inayotoka kwa mtu aliyeketi ofisini. Nyundo haihitajiki.

Mchana tulivuka daraja la Nyali, tukashuka ufuoni. Nilikuwa nimemwahidi kumwonyesha mahali ambapo nyaya za namna hiyo hutoka majini. Tulitembea mchangani hadi viatu vikawa mzigo, tukavivua. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi kivulini akishona jarife.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba wanangu. Mwatafuta nini na jua hili?"

Nikamweleza. Akatutazama kama watu waliokuja kutoka bara kutafuta upepo.

"Waya upo. Watu waliuvuta wakaja nao hadi nchi kavu, sisi twatazama. Walitwambia tusitie nanga upande ule." Akanyoosha sindano yake ya kushonea kuelekea baharini, ambako hapakuwa na chochote ila maji na ngalawa mbili. "Sasa mtauonaje, nao wafukiwa?"

"Na wewe mzee watumia mtandao?" mpwa wangu akamuuliza.

"Mimi? Wajukuu ndio wanionyeshao upepo wa kesho, kwa simu. Siku hazionyeshi, nasubiri alfajiri nitazame mawingu mwenyewe." Akacheka. "Lakini mnunuzi wa samaki siwezi kumtazama mawinguni. Huyo hupigiwa."

Mbele kidogo tulikuta kifuniko cha chuma juu ya zege, kimefunikwa nusu na mchanga, hakina maandishi. Hata mimi siwezi kuapa kwamba kilikuwa cha waya tuliokuwa tukiutafuta; huenda ni cha maji taka ya hoteli. Mpwa wangu alikifagia kwa mguu, akasimama juu yake, akaniomba nimpige picha.

Mwaka uliofuata, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia serikali na kampuni kuuvuruga mtandao hadi kesi iliyowasilishwa na watetezi wa haki isikizwe. Niliposoma habari hiyo nilimtumia mpwa wangu kabla hata ya kumaliza aya ya pili. Wakati huo alikuwa na mteja mwingine, anayelipa kidogo kuliko yule wa kwanza, na alikuwa amejizoesha kutuma kazi siku mbili kabla ya muda. Hakujibu kuhusu mahakama. Alijibu kwamba alikuwa amezungumza na mama wa Makindu, na kwamba binti amepata likizo, anarudi nyumbani Disemba.