Kuvuma

Darasa la sita, kwenye shule moja ya Likoni, tulikariri sauti za Kiingereza kama tulivyokariri hesabu za kuzidisha. Nyuki: buzz. Majani makavu: rustle. Sarafu: jingle. Mlango: creak.

Jioni nilimsomea Nyanya ile orodha akiwa barazani, anapepeta mchele. Akacheka.

"Yote hayo ya nini, mwanangu? Nyuki avuma. Upepo wavuma. Ngoma yavuma. Feri nayo yavuma. Basi."

Niliona haya kwa niaba ya Kiswahili. Wenzetu wana hum, buzz, drone, whirr. Sisi neno moja tu! Nikaamini lugha yetu ni maskini wa masikio.

Nilipopata kazi kisiwani, ikawa kila siku navuka. Feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi, ila utabanwa mpaka usahau jina lako. Huna la kufanya ila kusikiliza. Ndara zinachapa sakafu ya chuma. Mikokoteni inakwaruza ikishuka. Ukitoka ng'ambo, mafuta ya bhajia yanatatarika, leso mpya zinachakarisha, na tuktuk, ambayo jina lenyewe ni mlio wake, inakupigia honi. Kumbe maneno tunayo, tele. Ni vile hakuna aliyetutungia mtihani.

Na kuvuma kwenyewe si umaskini. Humo ndimo mlimotoka uvumi, ule unaofika mtaani kabla ya mwenyewe kufika. Humo ndimo mlimo papa wa methali, avumaye baharini kumbe wengi wapo. Hata Waingereza, jambo likizungumzwa kila mahali, husema lina buzz. Sikio la binadamu ni moja, yaani.

Mwaka jana masikio ya Nyanya yalianza kufifia. Kwanza adhana, halafu simu, halafu sisi. Jioni anakaa palepale barazani, ananiuliza, "Feri yavuma?" Nami napaza sauti mpaka jirani anajibu: "Yavuma, Nyanya!"

Siku moja nilimkuta jikoni, kiganja chake kimelala ubavuni mwa friji, macho amefumba. Nilidhani anaumwa.

"Hii yavuma," akasema.

Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Kweli. Miaka yote hiyo nilihesabu maneno ya sikio, na yeye alikuwa na neno linaloingia hata kwa kiganja.

Jumapili iliyofuata nikampeleka kivukoni, polepole, ameshika mkono wangu. Tulipopanda nikamtafutia nafasi pembeni, nikamwekea kiganja kwenye chuma. Injini ikanguruma, feri ikang'oka. Watu wanapiga kelele, watoto wanalia, mchuuzi anauza njugu. Yeye hasikii hata kimoja.

Mara akatabasamu, akanivuta karibu, akaniambia kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia, feri nzima ikageuka:

"Bado yavuma!"