Mastaa, Theluji na Kile Kibao Cheusi: Rangi za Miteremko Zinasema Nini Hasa?

Wadau, baridi imeshika kasi na picha za theluji zimeanza kumiminika. Safari hii aliyetikisa mtandao ni dada mmoja wa hapo nyumbani, jina tunaliacha, aliyejipiga picha kwenye milima ya Austria. Koti jeupe, miwani mikubwa, na pembeni yake kibao cheusi chenye namba. Chini watu wakagawanyika kama kawaida. Wengine: "Malkia, mteremko mweusi si mchezo!" Wengine: "Muongo huyo, hata kusimama hajui."

Mimi kwenye ugomvi huo simo. Vibao kama vile vingi vipo juu kabisa lifti inapoishia, na mtu yeyote anaweza kupanda na buti zake za kawaida, akanywa chai, akapiga picha na kushuka kwa lifti ileile. Kwa hiyo picha haithibitishi kwamba aliteremka, wala haithibitishi kwamba hakuteremka. Kilichonigusa ni kwamba wanaomsifu na wanaomponda wote walikuwa wanabishana kuhusu kibao wasichojua kinasema nini. Na mwenzenu naishi Munich mwaka wa tisa sasa, milima ipo karibu, kila msimu napokea wageni na ndugu wanaotaka "kuonja theluji". Picha hainitishi, jamani. Kinachonitisha ni magoti ya watu.

Sasa basi, tuanze na rangi zenyewe.

Ukiwa Austria, Ujerumani, Uswisi au Italia, miteremko ina rangi tatu: bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Ukivuka kuingia Ufaransa unakuta rangi ya nne, kijani, ambayo ni ya wanaoanza kabisa, halafu ndiyo inakuja bluu. Ukienda Marekani mambo yanabadilika tena, kule wanatumia na maumbo: duara la kijani kwa wanaoanza, mraba wa bluu kwa wa kati, almasi nyeusi kwa waliobobea, na almasi mbili nyeusi kwa wale ambao mama zao wameshazoea kusali. Japani nako wanapanga kijani, nyekundu, nyeusi.

Umeona kasheshe ilipo? Bluu ya Austria ndiyo ngazi ya chini. Bluu ya Marekani ni ngazi ya kati. Neno ni moja, rangi ni moja, kilima ni kingine kabisa.

Hii nimeiona ndani ya familia. Mdogo wangu na mumewe wanaishi Denver, na shemeji alishajifunza kule miaka miwili, yeye na duara lake la kijani, hana haraka. Walipokuja kututembelea tukaenda Tirol. Akashika ramani, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa upole, "Shemeji, mbona kijani hakuna? Hawa hawana sehemu yetu sisi?" Alikuwa yuko tayari kukaa mgahawani siku nzima akilinda mikoba. Nikamwambia bluu ya hapa ndiyo pa kuanzia, tukaanza na ile fupi kuliko zote, na jioni hatukumwona tena mgahawani mpaka kilipofungwa kila kitu.

Kwake tofauti ile ingemkosesha raha tu. Ikigeuka upande wa pili ndiyo inaumiza. Rafiki yangu mmoja Mkenya, anaishi Innsbruck, alikwenda Colorado akijiamini na bluu zake za Austria. Akapanda lifti kwenda juu ya mraba wa bluu akidhani anakwenda kwenye mchezo wa watoto. Anasema alivyofika pale juu na kuangalia chini, alianza kuongea Kiluhya, lugha ambayo hajaitumia tangu bibi yake afariki. Alishuka ubavu ubavu, taratibu, saa nzima.

Halafu kuna hili: kule Marekani rangi inalinganisha miteremko ya kituo kimoja tu. Maana yake bluu ya kituo kikubwa chenye milima ya kutisha inaweza kuwa ngumu kuliko almasi nyeusi ya kilima kidogo jirani na mji. Kibao kinakwambia, "kwa hapa kwetu, huu ni wa kati." Hakikwambii zaidi ya hapo.

Na wenzetu wa Dubai na Muscat? Nawapenda sana, wanakuja na ujasiri. Wengi wamejifunzia Ski Dubai, ile iliyo ndani ya jengo la maduka tangu 2005, na mle ndani nako kuna mteremko mweusi. Lakini mteremko mrefu kuliko yote mle ni kama mita 400 tu. Huku milimani bluu moja inaweza kwenda kilomita kadhaa bila kituo. Ufaransa, pale Alpe d'Huez, kuna mweusi mmoja unaitwa Sarenne una urefu wa kilomita 16. Mapaja yanawaka moto hata kabla hujafika nusu, na ajali nyingi zinakuja pale miguu inapokataa kutii.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana hapa kuna mtu aliumia.

Austria wana kiwango maalumu: bluu isizidi mwinuko wa asilimia 25, nyekundu isizidi asilimia 40, na kinachozidi hapo ni nyeusi. Vipande vifupi vyenye mwinuko zaidi vinaruhusiwa. Asilimia 40 maana yake ukisogea mbele mita 100 unakuwa umeshuka mita 40. Ukiipima kwa nyuzi ni kama 22. Asilimia 100 siyo ukuta uliosimama wima, ni nyuzi 45. Mteremko mmoja maarufu wa Mayrhofen, hapohapo Austria, una asilimia 78 na wenyewe wameubatiza Harakiri. Ukisikia mwenye mlima ameamua jina hilo, muelewe.

Kijana mmoja wa kwetu Tanga, simtaji, alipelekwa mlimani na wafanyakazi wenzake. Alikuwa amejifunza nusu siku tu, kwenye ule mkanda unaowapandisha wanaoanza. Mchana wenzake wakamwambia twende juu, ni nyekundu ndogo tu, asilimia 40. Yeye akilini akapiga hesabu za shule: arobaini kwa mia si hata nusu, hiyo ni maksi ya kufeli, itanishinda nini? Hakuna aliyemweleza. Na yeye hakuuliza, kwa sababu alikuwa mweusi peke yake katika kundi lile na hakutaka awe yeye ndiye anayesema "siwezi".

Kano la goti lilikatika. Helikopta ikaja. Miezi kadhaa hakusimama kazini, na bili ya uokoaji ilipofika ilikuwa ya maelfu ya yuro, kwa sababu bima yake ya kawaida haikugusa uokoaji wa mlimani. Zile pesa zilikuwa za bati za nyumba ya mama yake Muheza. Nyumba ile imekaa bila paa masika mawili.

Ndiyo maana nasema rangi hizi si habari ya kujionyesha. Na tuseme ukweli ambao huwa hatuusemi: wengi wetu hatushindwi na theluji, tunashindwa na macho ya watu. Unafika pale, wewe ndiye mweusi pekee, unahisi umebeba bara zima mgongoni. Kupanda mkanda na watoto wa miaka minne unaona ni aibu kwa Afrika nzima. Unakwenda kwenye nyekundu ili mtu asikudharau, mtu ambaye hata hakujui, na kesho hatakukumbuka.

Mkumbuke Philip Boit wa Kenya. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza uwanda na akamaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri pale mwisho amkumbatie. Watu wanakumbuka kumbatio lile mpaka leo. Mwenzetu alikuwa wa mwisho mbele ya dunia nzima, na heshima yake haikupungua hata punje. Wewe unaogopa macho ya watu sita kwenye foleni ya lifti?

Basi kama unakwenda, nakuachia haya ya kubeba.

Ukifika nchi mpya, siku ya kwanza shuka ngazi moja. Kama kwenu unateremka nyekundu, anza na bluu ya pale uone wao wanaiitaje bluu. Hutapoteza kitu, nusu saa tu.

Kumbuka rangi inapima mlima, haipimi hali ya siku. Bluu iliyokuwa laini saa nne asubuhi inaweza kuwa barafu tupu saa tisa alasiri, imekwanguliwa na maelfu ya watu, na wewe umechoka. Uliza wale wa lifti: leo upi uko vizuri? Wanajua, na wanapenda kuulizwa.

Ukiona njia ya rangi ya njano kwenye ramani ya Uswisi, usidhani ni rahisi kuliko bluu kwa kuwa rangi yake inapendeza. Hiyo ni njia ya mlimani ambayo haisawazishwi na mashine, na jioni hakuna anayepita kukagua kama kuna mtu amebaki.

Angalia vijiti vya pembeni mwa mteremko. Ufaransa vina namba zinazopungua kadiri unavyoshuka, na moja iko chini kabisa. Ukiumia, jina la mteremko na namba ya kijiti ndiyo anwani yako. Namba ya dharura ni 112, na Austria uokoaji wa mlimani ni 140.

Bima ya uokoaji mlimani kata kabla ya safari, na isome. Italia tangu Januari 2022 huruhusiwi hata kuingia mteremkoni bila bima ya kumlipa utakayemgonga, na sheria yao inasema mteremko mweusi ni wa wenye uwezo mkubwa tu. Yaani kule, ukipanda kwenye mweusi kwa ajili ya picha na ukajitosa kushuka bila kujua, unaweza kuwa unavunja sheria, achilia mbali goti.

Na ukijikuta umefika juu pasipo pako, rudi na lifti. Vibanda vingi vinabeba watu kwenda chini pia. Mwambie mhudumu, atakuonyesha. Wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayecheka.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na nadhani wangeona theluji wangeliandika kwenye kila lifti. Neno "siwezi" halina nauli wala bili ya helikopta.

Haya, nyie wa Oslo, wa Toronto, wa Zürich: huko kwenu bluu ikoje? Tuambieni hapo chini, kuna mtu anapanga safari ya Februari na hajui aanzie wapi.