Pima Maji

Katika kanisa kuu la Mkunazini, mjini Unguja, zimo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Inasimuliwa kwamba Askofu Edward Steere, aliyeanza kulijenga kanisa hilo mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, alikuwa safarini mafundi walipozisimamisha, na aliporudi akaziacha zilivyo. Ndivyo zilivyo hadi leo. Yuko mwalimu mmoja, mzaliwa wa Newala, aliyesomesha Kiswahili Unguja kwa zaidi ya miaka thelathini, ambaye kila mwaka alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kuzitazama. Huwaambia wazitazame vizuri, kisha akawauliza kosa liko wapi. Aghalabu hawakuliona. Ndipo alipoingia katika somo la mizani: kwamba shairi lililopungukiwa silabi moja laweza kusomwa na watu mia wasitambue, lakini mwenye sikio atajikwaa papo hapo, na kila akilirudia atajikwaa tena.

Hakujua kuwa siku moja yeye naye atakuwa mwenye nyumba aliyekuwa safarini.

Mwaka 2017 mwalimu huyu alistaafu, akarejea kwao kwenye shamba la mama yake. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ile ilimngoja yeye wala si kaka zake. Palikuwa na mikorosho iliyozeeka, kaburi la bibi, na uwanja mwekundu wa kutosha nyumba. Kisichokuwapo ni maji. Mji wa Newala umekaa kwenye ukingo wa magharibi wa nyanda za juu za Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na ukisimama pale paitwapo Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini kama mkeka. Mvua ikinyesha juu hainywewi na mto wala ziwa. Mchanga huimeza yote, nayo huibukia chini kwenye mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake wa huko wameteremka na kupanda na mitungi kichwani.

Mgeni huuliza kwa nini basi watu walijenga juu. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi: kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, ikapata uhai, mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu karibu na Ruvuma, wakahama, wa pili naye akazaliwa mfu, wakarudi juu hadi Mahuta, na hapo wa tatu akaishi. Tangu hapo ukaachwa wosia wa kujitenga na mabonde yenye maji mengi. Kwa hiyo mji wa Mmakonde umesimama juu ya hesabu ya zamani: uzima huku, maji kule, na miguu ya mwanamke katikati.

Hesabu hiyo serikali zilijaribu kuibadili. Mradi wa maji wa Makonde ulianza katika zama za ukoloni, miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 na 1980 Wafini wakasaidia huduma ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Lakini kuyasukuma maji kutoka bondeni hadi juu ni gharama kubwa, na bomba lina siku zake. Kwa hiyo anayejenga Newala akiwa na akili timamu hujenga paa kwanza kichwani mwake, kisha kisima cha kupokea maji ya paa hilo, na vyumba baadaye. (Watu wa Pwani wangekiita birika.)

Mwalimu alipiga hesabu yake kwenye daftari la shule. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Kisima cha mita tatu kwa tatu, kina cha mita mbili, huchukua lita 18,000. Mtu akitumia ndoo tatu za lita ishirini kwa siku, hizo ni siku 300, na kiangazi cha Newala, tangu Mei hadi Novemba, hakifiki huko. Akaridhika. Akamtafuta fundi.

Hapa yafaa kusema neno juu ya msimu ule, kwa kuwa si haki kumsema fundi bila kuusema msimu wake. Katika minada ya korosho ya mwaka 2017 bei ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo. Fedha zikaingia kwa pamoja, na kila aliyekuwa na ukuta wa udongo akataka wa tofali. Mafundi wakawa wachache kuliko misingi. Fundi mmoja akashika malipo ya awali ya nyumba nne, akawa anapita kama nyuki, saa moja hapa, saa mbili kule, kazi yenyewe ikabaki kwa vibarua. Na korosho hulipwa Oktoba na kuendelea, ilhali mvua zinabisha hodi Desemba. Ujenzi wote wa Newala, basi, hufanywa kwa haraka ya watu wanaotazama juu.

Fundi aliyepatikana alikuwa kijana mwenye maneno mazuri. Walikubaliana mdomo kwa mdomo, mbele ya jirani, na theluthi mbili ya ujira ikatolewa. Mwalimu, aliyewakata wanafunzi alama kwa koma moja, hakuandika hata mstari. Kisha binti wa dada yake akashikwa na uchungu mzito wa uzazi huko Masasi, naye akateremka kwenda kumuuguza, umbali wa kilomita kama sabini. Alidhani atakaa wiki moja. Akakaa miezi miwili.

Masasi palimpa mengi ya kufikiri. Mwaka 1876 Steere huyohuyo alifika hapo kupitia Lindi, akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaacha chini ya yale majabali waanze maisha. Mwalimu alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, kwa mzaha zaidi kuliko kwa historia, kwamba huenda ndiyo safari iliyozipindua nguzo. Sasa, jioni, akimbembea mtoto mchanga, alikuwa akiwawaza watu wale: waliokwisha kunyang'anywa kila kitu, wakichimba msingi wa nyumba katika nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Miaka sita haikupita, mwaka 1882, wapiganaji wa Kimagwangwara wakaupiga mji ule, na misheni ikahamia Newala kwa Chifu Matola. Wakaanza tena.

Kila baada ya siku mbili alipiga simu.

"Fundi, kazi inakwendaje?"

"Usiwe na shaka, Mwalimu. Tumefika kwenye lenta."

"Na kisima?"

"Kisima kimekwisha zamani. Kinangoja mvua tu."

Alirejea katikati ya Desemba, siku mbili baada ya mvua ya kwanza. Kwa mbali nyumba ilipendeza. Mlango wa jikoni ulifungukia ukutani, ukafunguka nusu tu, hilo alilicheka. Mifereji ya bati, ambayo mafundi huiita gata, ilikuwa imeinama kuelekea upande usio na kisima, ikimwaga maji kwenye kaburi la bibi. Hilo hakulicheka. Akaazima ngazi na ndoo, yeye na jirani wakayakinga maji, wakayamimina kisimani usiku kucha. Alfajiri akachora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa ndani, mahali maji yalipofika. Kesho yake maji yalikuwa shibiri nzima chini ya mstari. Siku ya tano kisima kilikuwa kikavu.

Fundi alikuja, akachungulia.

"Ni jua, Mwalimu. Jua la huku linanyonya."

"Jua liliingiaje, mwanangu, na kisima kina mfuniko?"

Hakujibu. Mwalimu akaparua plasta kwa kijiko cha chai, ikamtoka mkononi kama unga. Alilipia mchanga wa mto, uliopandishwa kwa lori kutoka bondeni. Uliotumika ulikuwa mchanga mwekundu wa hapohapo uwanjani. Plasta haikumwagiwa maji hata siku moja ikomae. Iliachwa ikauke upesi, ikapasuka nyufa nyembamba kama uzi. Akamwomba fundi amwoneshe pima maji yake. Fundi akakiri kuwa ipo kwenye nyumba nyingine, ya tatu, na kwamba gata aliifunga kwa macho.

Jirani alishauri polisi. Mwalimu akaenda kwa mjomba wa fundi. Asiyewajua watu wa huko atadhani ni upole, si upole. Mmakonde aweza kumkwepa mwenyekiti wa kijiji, aweza hata kumkwepa hakimu, lakini kaka wa mama yake hamkwepi. Waliketi chini ya mkorosho: mjomba, mwenyekiti, fundi aliyeinamisha kichwa, na Mwalimu aliyekuja na kipande cha plasta kwenye leso. Hakutoa hotuba. Alimpa mjomba kile kipande, mjomba akakifikicha kwa vidole viwili, kikaisha.

"Dada," mjomba akasema, "huyu amekujengea kwa mate."

Ikaamuliwa kwamba fundi atakipiga kisima plasta upya bila ujira, saruji na mchanga Mwalimu anunue, na theluthi iliyobaki isitolewe hadi kisima kijae na kikae siku kumi. Mara hii iliandikwa, na mjomba akaweka dole gumba. Kuna watakaosema Mwalimu alipunjwa, kwa kuwa alinunua saruji mara mbili. Yeye hujibu kwamba saruji ya pili ndiyo ada ya kutokuwapo.

Lakini mvua haikungoja mkutano. Kisima hakiwezi kupigwa plasta kikiwa na tope, kwa hiyo masika yote yalipita juu ya bati jipya, yakashuka ardhini, yakaenda zake bondeni kama yalivyofanya tangu enzi za Mahuta. Mwalimu aliyalala akiyasikiliza. Kiangazi kile akanunua maji kwa dumu, akaoga kwa kopo moja, na mara mbili, bomba lilipokatika, aliteremka na wanawake wenzake njia ya mama yake, akiwa na miaka sitini na moja.

Julai fundi alikuja, akiwa na pima maji. Mwalimu aliketi kwenye kigoda ukingoni mwa kisima siku zote tisa, akihesabu karai za mchanga kwa kila mfuko wa saruji, na baada ya hapo akaimwagia plasta maji asubuhi na jioni kwa wiki mbili, maji ya kununua. Gata ziligeuzwa. Mlango wa jikoni akakataa usiguswe. Wageni hujibana kuingia, naye huwauliza kama wameliona kosa.

Mvua za Desemba 2018 zilikijaza kisima hadi shingoni. Akachora mstari mpya wa mkaa. Siku ya kumi na moja fundi alibisha hodi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mwalimu, maji yako wapi?"

Akampa tochi, akamwambia akatazame mwenyewe.