Msituambie Tulidanganywa

Juzi mdogo wangu alirusha kipande cha video cha mwanamieleka Undertaker kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kundi zima likaangua kicheko. "Tulikuwa wajinga sisi!" "Tuliingizwa mjini mchana kweupe!" Binamu yangu, ambaye zamani alikuwa halali bila taa kwa kumwogopa mtu yule, sasa ndiye aliyecheka kuliko wote. Nimeudhika, tena sana.

Mimi naishi Liverpool na kazi yangu ni kutunza wazee. Huku mieleka ya zamani haichekwi. Jumamosi saa kumi jioni, kabla ya matokeo ya mpira kusomwa, ITV ya Uingereza ilionyesha mieleka ndani ya kipindi cha World of Sport, na nchi ilikaa kitako. Kituo hicho kilianza kuionyesha mwaka 1955, kikaiondoa 1988, na wazee ninaowahudumia bado wanautaja mwaka huo kama watu walioporwa. Anza tu kumtaja Mick McManus. Utaambiwa nywele zake nyeusi zilivyolazwa, alivyomchezea mwenzake rafu refa akigeuka, na alivyokuwa hataki kabisa kuguswa masikio. Utaambiwa Giant Haystacks, jitu la ndevu lililokaribia futi saba, na uhasama wake na Big Daddy wa Halifax. Utaambiwa Kendo Nagasaki, aliyeficha uso kwa kinyago miaka na miaka hadi 1977, alipofanyiwa sherehe ya kukivua pale Wolverhampton, kamera zikimulika.

Lakini kilichonipendeza zaidi ni kina mama. Hawa ndio waliokuwa moto wa kumbi zile. Wanawake watu wazima, wenye kofia na mikoba, waliinuka vitini wakamfuata mtu mwovu hadi kwenye kamba wakamcharaza kwa mwavuli. Wapo waliowachoma wanamieleka kwa pini za kofia! Bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa akienda Liverpool Stadium, ukumbi wa Bixteth Street uliokwisha kubomolewa. Nilimuuliza kama alijua kwamba mshindi hupangwa. Akanitazama kwa huruma. "Tulijua, mwanangu. Lakini wiki nzima mimi nilikuwa sina mtu wa kumpigia kelele."

Kwetu Tanga ilikuwa kibanda umiza, banda la kuonyeshea video kwa kiingilio: mkeka, joto, vichwa vya waliokaa mbele, na mwenye kibanda kukata mkanda pale utamu ulipokolea ili walioingia kwa dirisha watolewe. Mnajua. Mabinti hawakuruhusiwa, na bibi zetu hata hawakufikiriwa. Kwa hiyo Bibi alisubiri mjomba alete deki nyumbani, akaweka kigoda chake mlangoni, akatangaza kwamba yeye hatazami. Ameketi tu apate upepo.

Mkanda wenyewe ulikuwa Royal Rumble ya Januari 1994. Undertaker na Yokozuna, na jeneza limewekwa kando ya ulingo. Atakayetiwa ndani na kufungiwa ndiye kashindwa. Wakatoka wanaume kama kumi kumsaidia Yokozuna. Chungu cha Undertaker, kilichosemwa ndicho chenye nguvu zake, kikafunguliwa, moshi wa kijani ukafuka, nguvu zikamwishia, wakamfungia. Halafu uso wake ukatokea kwenye kioo kikubwa akisema kutoka humo humo ndani ya jeneza, na umbo lake likapaa kuelekea darini. Bibi akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Hakuna aliyethubutu kuzima.

Sasa nani alidanganywa pale? Mwimbaji wa taarabu akilia jukwaani kuwa kaachwa, kila mtu ukumbini anajua mumewe yuko nyuma anashika fidla, na bado shangazi zetu wanacheza hadi mbele kumtunza noti. Sijamsikia hata mmoja akidai arudishiwe hela zake. Ila kwa mieleka tunajifanya tumeerevuka. Huku Uingereza wanamieleka wastaafu wana mkutano wao huko Kent, mashabiki wanawafuata, wanakumbatiana na waovu waliowazomea ujanani. Sisi hata waliokuwa na vibanda hatujui wameishia wapi.

Tena kilichopangwa ni ushindi. Miili haikupangwa. Mwaka 1987 pale Great Yarmouth, Mal Kirk alilaliwa na Big Daddy kama pambano lilivyotaka, na hakuinuka tena. Alikuwa na maradhi ya moyo. Na Yokozuna, ambaye sisi tuliapa ni Mjapani, alikuwa Mmarekani wa asili ya Samoa. Alifariki Oktoba 2000 akiwa na miaka 34. Alifia hotelini, hapa hapa Liverpool, katika ziara ya mieleka. Ninapita katikati ya mji huu kila siku kwenda kazini, na jambo hili huniuma kama habari ya mtu wa nyumbani.

Nikayaandika hayo kwenye kundi. Binamu akajibu kwa vicheko vingine. Kisha Shangazi, ambaye huwa haongei huko ila pawe na msiba, akatuma ujumbe wa sauti mrefu. Anasema sote tumesahau. Bibi hakuwa upande wa Undertaker hata siku moja. Ile aya aliisoma kumkinga Yokozuna, kwa sababu "mtoto wa watu kanyanyaswa kwa unene wake, na lile jini linataka kumrudia." Na Undertaker aliporudi Agosti mwaka ule, Bibi aliukataa mkanda usiwekwe sebuleni kwake.

Kundi likawaka. Mjomba anabisha kwamba Bibi alikuwa shabiki wa mwanamieleka mwingine, Bret Hart, na sababu anaijua yeye. Wamebishana mpaka alfajiri ya kwao. Shangazi ameniagiza nimtafutie pambano lile lote, si kipande, na nimeshaanza kulitafuta.