Kutoka Bagamoyo Mpaka Pangani



Twalisafiri sisi wawili, mume na mke, kwa gari la kuazima lenye kitanda na jiko ndani yake, tukiifuata pwani.

Bagamoyo ilituweka siku nzima. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakakomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Bibi wa bibi yake mama watoto alikuwa miongoni mwa watoto waliokombolewa. Maiti ya Livingstone ilipitishwa katika misioni ile mwezi wa Februari 1874, na dunia yote yajua. Mtoto yule aliishi hapo miaka mingi, wala hana alama. Mama watoto alipita makaburini akisoma kila msalaba, hata jua likawa kali, asilione jina lile.

Tulipokwisha kuvuka mto Wami twalikuta mchanga na mashimo. (Wakati wa masika mtu asijaribu.) Huko Saadani, iliyo hifadhi ya taifa tangu 2005, twalilala garini karibu na bahari. Mavi ya tembo yalikuwa pale pale ufukoni, jambo ambalo hatujapata kuliona penginepo. Usiku, kwa mwanga wa taa, mama watoto aliandika jina la bibi yule katika ukurasa wa kwanza wa Biblia yetu, juu ya majina ya watoto.

Kesho yake tukapita kati ya minazi na mikonge hata Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, tukangoja kivuko pamoja na wauza samaki.