Boti Iliyobadili Maji

Boti ya faiba inayonunuliwa kuukuu kwa ajili ya Ziwa Naivasha au Ziwa Baringo mara nyingi hutoka Pwani au Kisumu, ikiwa juu ya trela, injini imelazwa kwenye pikapu inayofuata nyuma. Mnunuzi huiona kuwa chombo kipya. Kwa fundi, ni chombo kilichokwisha kuzoea maji mengine, na matengenezo ya miezi ya kwanza ni kazi ya kukiachisha mazoea hayo. Mwandishi wa maelezo haya ameifanya kazi hiyo kati ya Karagita na Kampi ya Samaki kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na utaratibu wake haujabadilika: tumbo la boti hukaguliwa kwanza, injini baadaye, hata mwenye boti akiwa na haraka.

Ufundi wenyewe ulianzia nchi kavu. Mwandishi alijifunza mjini Nakuru, kwenye karakana ya jua kali iliyotengeneza pikipiki na pampu za maji, kisha akahamia Naivasha kuhudumia pampu za mashamba ya maua kando ya barabara ya Moi South Lake. Pampu inayovuta maji ziwani na injini ya boti zina adui mmoja, yaani matope na majani yanayoziba mahali maji yanapoingilia, kwa hiyo aliyejua kufungua ya kwanza aliitwa aitazame na ya pili. Mafundi wengi wa boti aliofanya nao kazi katika bonde hili walipatikana hivyohivyo. Hawakupita chuo cha ufundi wa majini, na pengine si hasara kubwa, kwani chuo kingewafunza sana habari za chumvi, ambayo Naivasha haipo ila ile inayoletwa na boti yenyewe.

Ukaguzi huanza boti ikiwa juu ya magogo, imeoshwa na kukauka. Rangi mpya ni ya kutiliwa shaka kuliko rangi iliyopauka, maana muuzaji hapaki rangi bila sababu. Fundi hupitisha kiganja chini ya mstari wa maji akitafuta malengelenge: maji yakipenya tabaka la nje la faiba hukaa ndani na kuvimbisha ngozi ya boti. Yaliyo machache hupasuliwa, yakaachwa wazi yakauke kwa majuma kadhaa, kisha yakajazwa. Yakienea tumbo zima, bei ya kununulia ilipaswa kuwa nusu, na hilo fundi hulisema hata kama fedha zimekwisha kulipwa. Baada ya hapo hutazamwa povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti ielee ikijaa maji. Povu la zamani hunywa maji, na boti yenye povu lililolowa hukaa chini majini, hula petroli nyingi, na siku ya kuzama halisaidii kitu.

Sehemu inayostahili saa nzima ya ukaguzi ni ubao wa nyuma unaobeba injini. Kwa nje ni faiba, lakini ndani yake mna mbao za plaiwudi zilizobanwa pamoja, na kila tundu la bolti ni mlango wa maji. Fundi huigonga sehemu hiyo kwa mpini wa bisibisi, kidogo kidogo, kutoka juu kwenda chini. Mbao nzima hutoa mlio mkavu, wa juu. Zilizooza hutoa mlio mfupi uliozibwa. Akisikia huo, hutoboa tundu dogo kwa ndani, karibu na sakafu, kwa drili ya mkono, na kutazama kinachotoka kwenye ncha. Unga mweupe mkavu ni habari njema. Ukitoka uji mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza, faiba ya ndani hukatwa kwa grainda, mbao zote huchokolewa kwa patasi, na mpya hugandishwa mahali pake. Kazi hiyo ni ghali na haionekani ikikamilika, ndiyo maana wanunuzi huiogopa. Wako tayari kulipia injini kubwa zaidi, ambayo hapo itaninginia kwenye ubao uliooza.

Uzibaji wa faiba wenyewe si siri kubwa. Mahali palipopasuka husagwa kwa mteremko mrefu, upana wa mteremko ukiwa mara 12 ya unene wa faiba, ili tabaka jipya lishike eneo pana. Mati ya nyuzi za glasi hulowekwa rezini ya poliesta iliyochanganywa na hadena kiasi cha asilimia 1 hadi 2, kisha hukandamizwa kwa rola mpaka mapovu ya hewa yaishe. Kinachowashinda wageni Naivasha ni baridi. Rezini ya poliesta hugoma kuganda sawasawa joto likishuka chini ya nyuzi 15 hivi, na usiku wa ziwani hufika huko bila shida. Fundi anayeanza saa kumi jioni huamkia kiraka kinachonata, na kuongeza hadena si dawa, kwa sababu kiraka hukakamaa upesi na kupasuka. Kazi huanzwa asubuhi jua likishapanda, ikaganda kabla ya alasiri, saa ambazo upepo wa ziwa huamka na kurushia vumbi kila kilicho kibichi.

Boti za mbao za wavuvi zina matengenezo mepesi zaidi. Nyufa kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba na kufunikwa lami, misumari iliyolegea hubadilishwa, na chombo hurudi majini mbao zivimbe zikajifunge zenyewe. Boti ya mbao iliyokaa juani muda mrefu wakati wa safari huvuja siku za kwanza, na huo si ubovu.

Injini iliyotoka Pwani huja na chumvi tumboni. Njia za maji ya kupozea huwa zimejaa magamba meupe, hasa kwenye nyumba ya themostati, nazo huoshwa kwa maji mengi na siki mpaka maji yatoke safi. Bolti za chuma zilizokaa ndani ya aluminiamu kwa miaka huwa zimeshikana nayo. Mwenye pupa huzikata. Njia ya salama ni moto wa taratibu, mafuta ya kupenya, kukaza kidogo kabla ya kulegeza, na kurudia kesho yake. Mpira wa pampu ya maji hubadilishwa bila kujadiliana, hata ukionekana mzima, kwa kuwa bei yake haifanani na ya pistoni. Injini ikiwashwa, uzi wa maji utokao pembeni ndio unaotazamwa kabla ya kitu kingine chochote. Mafundi huuliza kama inakojoa, na isipokojoa huzimwa papo hapo.

Lakini jambo linaloleta ugomvi zaidi kati ya fundi na mwenye boti ni mwinuko. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo injini ya farasi 40 iliyokuwa ikirusha boti Mombasa hufanya kazi kama ya farasi 32 hapa. Mwenyewe huamini ameuziwa injini mbovu. Kumbe kabureta inamwaga petroli ile ile kwenye hewa pungufu, moshi unazidi na plagi zinakuwa nyeusi. Dawa yake ni jeti kuu ndogo zaidi na propela yenye mkunjo mdogo, ili injini ifikie mizunguko yake. Na boti hiyo ikiuzwa tena ikateremka kwa barabara ya Marigat hadi Baringo, kwenye mita 1,000 hivi, jeti zile ndogo lazima zitolewe. Huko hewa ni nzito, petroli inakuwa pungufu, injini ya mapigo mawili inachemka na kutoboa pistoni. Mwandishi amezifungua pistoni za namna hiyo mara nyingi, na hakuna mwenye boti aliyekubali kwa urahisi kwamba kilichoharibu injini ni mteremko.

Baringo ina ukorofi wake mwingine. Maji yake ni ya hudhurungi, yamebeba udongo unaosombwa na mito kutoka vilima vilivyolika, na udongo huo huisugua pampu ya maji kama msasa. Mpira unaodumu mwaka mzima Naivasha huko hubadilishwa mapema zaidi.

Maziwa haya pia yamepanda. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya Naivasha na Baringo yamefunika malisho, nyua na nyumba, na mwaka 2020 mtaa wa Kihoto mjini Naivasha uliingia majini. Kwa fundi, maana yake ni nguzo za ua, nyaya za miba na vigogo vya migunga vilivyofichika chini ya maji ambayo nahodha mgeni huyadhani kuwa ya kina. Propela hujikunja, na hiyo si shida, hunyooshwa. Hatari ni waya au uzi wa wavu unaojizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kuikata sili ya mpira. Maji huingia kwenye giaboksi polepole, bila dalili. Ndiyo sababu skrubu ya chini ya giaboksi hufunguliwa kidogo kila baada ya majuma machache: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, sili imekwisha. Gugumaji nalo, lililoingia Naivasha katika miaka ya 1980, huziba matundu ya kuvutia maji, na nahodha mzuri huzima injini, akaiinua na kuyachomoa majani kwa mkono kabla ya kujaribu kupita kwa nguvu.

Vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye injini ili vilike badala yake hubadilishwa pia. Kwenye maji baridi zinki hujivika gamba na kulala, hivyo hutumika magnesiamu au aluminiamu. Maziwa ya magadi kama Nakuru na Elementaita ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa maji yenye magadi mengi huila aluminiamu yenyewe, na boti iliyowahi kufanya kazi huko hukaguliwa kwa jicho kali.

Yaliyobaki ni madogo. Nyaya zilizooza kijani hukatwa hadi kwenye shaba safi. Tangi hujazwa jioni, kwa kuwa tangi lililo nusu hutoa jasho ndani usiku wa baridi na maji hayo huishia kwenye kabureta. Injini ya mapigo mawili hupewa lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, ila kama kitabu chake kinasema vinginevyo. Kabla ya kubeba abiria, boti hupelekwa kwa wakaguzi wa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini nchini Kenya, ambao hutazama jaketi za kuokolea, kizimamoto, namba ubavuni na leseni ya nahodha.

Majaribio ya kwanza hufanywa asubuhi, ziwa likiwa limetulia, karibu na ufuo na mbali na mafunjo wanakokaa viboko. Injini huenda nusu nguvu kwa saa moja huku fundi akishika ubao wa nyuma kuhisi kama unatikisika. Jioni bolti zote za injini hukazwa upya, kwa kuwa faiba mpya hukaa chini kidogo zikibanwa, na baada ya juma la kwanza hukazwa tena. Oili ya giaboksi hutazamwa siku hiyo hiyo.